KABLA HATUJAUZA MSITU WA MZEE, TULILALA NDANI YAKE

Wapo walioniuliza kama nimesusa kuandika. Sijasusa. Kazi za gazeti zilinibana, na zaidi ya hapo kulikuwa na jambo la kifamilia ambalo nilitaka lipoe kwanza ndipo nilisimulie. Sasa limepoa kidogo, ingawa halijaisha. Nalisimulia kwa sababu naamini si la nyumbani kwetu peke yetu.

Hebu nianze kwa kukiri. Mimi ndiye niliyesema msitu uuzwe.

Kwa wasioifahamu Makongolosi, ukitoka Mbeya mjini unapanda mlima, unapita pale panapoitwa Mwisho wa Dunia ambapo watu husimama kupiga picha tambarare za Usangu zikiwa chini yao, kisha unateremka hadi Chunya, kama kilomita 72 hivi. Kutoka Chunya unaongeza kilomita 39 ndipo unaingia Makongolosi. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kula vumbi kutwa nzima. Siku hizi ni lami mpaka mjini. Ukiendelea mbele unashika njia ya Rungwa na Itigi. Mji wenyewe ni wa dhahabu. Makarasha yanasaga mawe usiku na mchana, na ukikaa baa dakika kumi tu utasikia habari za mtu aliyetajirika jana na mwingine aliyefukiwa na duara juzi. Tangu dhahabu ilipogunduliwa huku Lupa miaka ya 1920, watu wamekuwa wakija kutoka kila upande. Babu yangu alikuja miaka ya 1930 kwa miguu kutoka Rungwe, kama walivyokuja Wanyakyusa wengi wa enzi hizo, akidhani atachimba mwaka mmoja arudi na ng'ombe. Hakurudi. Sisi ni wajukuu wa huo mwaka mmoja.

Ukitoka nje ya mji, kila upande ni miombo. Au niseme ilikuwa miombo.

Mzee wangu hakurithi kiu ya dhahabu. Alifanya kazi kwenye karasha ujana wake, kifua kikaanza kumsumbua, akaachana nalo. Miaka ya 1980 serikali ya kijiji ilimpa eneo la kutundika mizinga ya nyuki, kama kilomita 14 kutoka mjini, na baadaye akalipatia hatimiliki ya kimila. Ni ekari 40. Humo ana mizinga 60, mingine ya magogo, mingine ya mbao ya kisasa. Na humo, karibu na korongo lenye maji ya kuchimba mchangani, alijenga kibanda. Kuta za miti na udongo, paa la nyasi, mlango mmoja, kitanda cha fito na mafiga matatu. Hakuna la zaidi. Tulipokuwa wadogo, baba akisema "nakwenda msituni" tulijua atapotea siku tatu au nne, kisha atarudi ananuka moshi na ameshika kidumu cha asali. Hatukuwahi kumuuliza huko analala wapi. Kwetu kile kibanda kilikuwa sehemu ya umaskini wetu ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa mbali na macho ya wenzetu wa shule.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 akaja mtu mwenye pesa. Alitaka miti tu, ardhi ibaki ya mzee. Mikubwa ingekuwa matimba ya kuzuia maduara yasibomoke, ya wastani kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, na iliyobaki mkaa. Alitaja milioni tisa taslimu. Vibali, alisema, angejua mwenyewe. Wachimbaji walikuwa wanaongezeka kila wiki, maana mwaka huo bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 3,000 kwa wakia, na kila duara jipya linahitaji matimba.

Mzee macho yanamsumbua, ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Kaka yangu mkubwa ana mipango ya kununua karasha lake. Dada yangu anaishi Mbeya na mumewe na watoto wawili, na ada za shule kila mmoja wenu anazijua. Kikafunguliwa kikao kwenye simu, lile kundi letu la familia la WhatsApp. Kaka akasema auze. Dada akasema yeye hana la kusema. Mimi, msomi wa familia, mwenye shahada, mwandishi wa habari, nikaandika maneno haya ambayo bado yapo kwenye simu ya kaka na hunisomea kila akitaka kunikera: "Auze tu. Miti itaota tena. Afya ya mzee kwanza."

Na wakati naandika hivyo, nilikuwa nimekwisha kuchapisha habari na makala zaidi ya kumi kuhusu uharibifu wa misitu. Mnajua zinavyoandikwa. Kuna semina kwenye ukumbi wa hoteli, chupa za maji mezani, mgeni rasmi anachelewa saa mbili, anasoma hotuba, tunapewa nakala. Jioni nakaa naandika: "Wananchi wametakiwa kuacha mara moja tabia ya kukata miti ovyo." Wananchi! Kama vile mimi si mwananchi, na baba yangu si mwananchi. Takwimu nilizijua kwa moyo. Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, iliyofanyika kati ya 2009 na 2014, ilionyesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya nchi kavu. Takwimu za serikali zilizofuata zikasema tunapoteza hekta 469,420 kila mwaka. Nilikuwa naziweka aya ya tatu, kila mara aya ya tatu. Lakini sikuwahi kulala msituni hata usiku mmoja.

Mzee hakujibu kwenye kundi, maana simu yake ni ya tochi. Alimwambia mama, mama akanipigia. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Baba yenu anasema hasaini kitu mpaka mje wote mlale kule. Na watoto."

Saba Saba ya mwaka 2025 iliangukia Jumatatu, tukapata siku tatu. Jumamosi asubuhi mimi, dada, shemeji na wapwa zangu, wa kike miaka kumi na moja na wa kiume miaka saba, tukapanda gari Mbeya. Makongolosi tukamkuta mama amekwisha fungasha sufuria, unga, dagaa, chumvi, mablanketi na kuku wawili wa kienyeji waliofungwa miguu. Kaka alikuja na pikipiki yake akiwa amenuna. Tukakodi Noah hadi gari lilipogoma, mizigo ikapanda bodaboda, sisi tukatembea.

Jambo la kwanza lililonishangaza halikuwa msitu. Lilikuwa mama. Alifika pale kibandani, akasimama mlangoni, akachungulia ndani, akageuka akamtazama mzee. "Kumbe ndipo unapolala," alisema. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na hakuwahi kufika. Ilikuwa kazi ya wanaume, na yeye alikuwa na sisi, na shamba, na genge lake. Mzee alicheka kwa aibu kama kijana aliyetembelewa geto bila taarifa. Mama akachukua tawi la mti akaanza kufagia.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa raha tangu mwanzo. Shemeji alizunguka na simu juu kutafuta mtandao mpaka akakata tamaa. Mpwa wangu wa kiume alilia alipoonyeshwa choo, ambacho kilikuwa shimo na ua wa majani. Wanawake na watoto walilala ndani, wanaume nje kando ya moto, na Julai huku ni baridi, upande mmoja wa mwili unaungua na mwingine unaganda.

Usiku komba akalia. Kama hujawahi kumsikia, analia kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake. Watoto wakatoka mbio nje. Mzee hakuwakaripia. Akawakalisha, akawaambia ni mnyama mdogo, macho makubwa kuliko kichwa, anakaa juu ya mti, akawamulikia tochi mpaka wakayaona macho mawili mekundu. Wakasahau kuogopa. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Nikamsikiliza baba yangu akizungumza na wajukuu zake kwa sauti ambayo mimi sikupata kuisikia nikiwa na umri wao, kwa sababu sauti hiyo aliiacha huku kila alipokuwa anarudi mjini.

Kisha kama saa tisa usiku, wote tukasikia sauti nyingine. Msumeno wa injini. Ulikuwa mbali, lakini usiku sauti husafiri. Unanguruma, unanyamaza, kisha unasikia mti ukienda chini.

Mpwa wangu wa kiume akauliza, "Babu, mbona wanakata usiku?"

Mzee akasogeza ukuni kwenye moto. "Kwa sababu wanajua usiku msitu hauna mwenyewe," akasema. "Mimi nipo huku usiku mmoja kwa wiki. Wao wapo usiku saba."

Hakuna aliyeongeza neno. Kaka alikuwa amejifunika blanketi hadi kichwani, lakini najua hakuwa amelala.

Jumapili mzee alitutembeza ekari zake. Mimi niliyeandika makala zaidi ya kumi sikuweza kutofautisha mtundu na myombo. Mpwa wangu wa kike alijifunza haraka kuliko mimi. Mninga ukiukwaruza gome unatoa maji mekundu kama damu. Mtundu, mzee alisema, ndio unaojaza mizinga, ukichanua nyuki hawalali, na asali huvunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba. Tuliona mlembe, yule ndege mdogo anayepiga kelele na kurukaruka mbele ya mtu kumwongoza penye nyuki. Mzee anasema ukimfuata ukapata asali lazima umwachie masega, la sivyo siku nyingine atakuongoza kwa nyoka. Sijui kama ni kweli. Najua watoto walimwachia.

Tukafika mpaka wa kaskazini. Pale tulikuta visiki. Mzee alihesabu vipya kwa kuvigusa, maana macho hayaoni vizuri. Kumi na saba ndani ya mpaka wake. Mmoja ulikuwa mninga ambao alisema aliukuta ukiwa mkubwa tayari siku alipopewa eneo. Utomvu ulikuwa bado mwekundu. Kaka yangu alisimama pale muda mrefu kuliko sote, na namfahamu kaka, hasira yake haina kelele.

Wasomaji, hapa ndipo naomba mniruhusu nitoke kidogo nyumbani kwetu.

Ipo nchi inaitwa Finland. Watu wake hawafiki milioni sita, na wana vibanda vya mapumziko vipatavyo laki tano, vingi msituni kando ya maziwa. Kibanda cha jadi cha Mfini hakina umeme wala maji ya bomba, choo kiko nje, na mwenye nacho hupasua kuni mwenyewe. Daktari, fundi na waziri wote wanakwenda huko na watoto wao kila likizo. Na hao ndio waliotoa fedha kusaidia ile tathmini ya kuhesabu miti yetu niliyoitaja. Nikawaza, nchi ambayo mtoto wa karibu kila ukoo amelala msituni ndiyo inayotusaidia kuhesabu miti, na sisi tuliozungukwa na miti hatujui majina yake. Sisemi Mfini ni bora kuliko sisi. Uchumi wake unategemea miti na anaikata sana, lakini anaikata kama mwenye mali.

Najua hoja mnazotaka kunitupia, maana kaka alizitupa zote.

Ya kwanza: huo ni uzungu. Kwenda kulala kwenye nyasi kwa hiari ni mchezo wa aliyeshiba. Hapo nina jibu. Mzee wangu hajawahi kufika hata Dar es Salaam, na amelala kwenye kibanda hicho miaka arobaini. Warina asali wa Chunya, Tabora na Mpanda walikuwa na kambi zao msituni kabla ya mtalii wa kwanza. Uzungu ni kudhani kibanda kinaanza kuwa na thamani siku mgeni anapokilipia dola.

Ya pili: msitu una nyoka, fisi, baridi na watu wabaya. Kweli. Ndiyo maana tulikwenda na mtu anayeujua. Mtu huyo yupo karibu kila ukoo wa huku, ila anazeeka na hakuna anayemfuata.

Ya tatu ndiyo nzito: maskini hali mandhari. Hapo sina jibu la haraka, na nitawaeleza kikao kilivyokwenda.

Jumapili jioni mzee, kaka na mimi tulirina mizinga minne gizani, wakati nyuki wametulia. Nyuki waliniuma mara sita. Kaka, ambaye hakuwa ameshika bomba la moshi tangu akiwa darasa la saba, mikono yake ilikumbuka kila kitu. Jumatatu asubuhi, Saba Saba, baada ya chai na mihogo ya kuchoma iliyochovywa kwenye masega, tukakaa chini ya mtundu. Mzee akasema kila mtu aseme.

Kaka alianza, na naomba nimtendee haki, maana alizungumza vizuri. "Baba, mimi siuchukii msitu huu. Lakini tuhesabu. Mwaka huu ukivuna vyote utapata kama ndoo 11 za lita ishirini. Ukiuza laki mbili kila ndoo, ni milioni mbili na laki mbili, na hapo mvua imekubali. Yule bwana anatoa milioni tisa leo. Na miti yenyewe inaibwa usiku, tumeisikia wote. Tukikataa kuuza, tutaibiwa bure. Bora nani?"

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayoua misitu ya Tanzania, wasomaji wangu. Si ulafi tu. Ni ile hesabu kwamba nisipokata mimi atakata mwingine, kwa hiyo mjinga ni anayengoja. Huwezi kuishinda kwa hotuba ya mgeni rasmi.

Nikapata nafasi yangu. Nikaomba radhi kwa nilichoandika kwenye kundi. Nikasema milioni tisa ni miaka minne na kidogo ya asali, na mti wa mninga unahitaji miaka mingi mno kufikia unene wa ule tuliouona umelala. Anayesema "itaota tena", kama nilivyosema mimi, hajapanga kuwepo. Kisha nikasema kuhusu wizi. Wezi wanakuja kwa sababu mwenyewe ni mzee mmoja, usiku mmoja kwa wiki. Kama familia nzima ingekuwa na mazoea ya kuja, kwa zamu, na majirani wenye maeneo nao wakafanya hivyo, ule msumeno ungetafuta kwingine.

Nikawapa mfano wa Duru-Haitemba kule Babati. Miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya ule msitu wa miombo kuwa hifadhi yake, wanakijiji wakawa wanaukata haraka haraka kabla haujachukuliwa. Hesabu ile ile ya kaka. Ilipoamuliwa mwaka 1994 kwamba vijiji vyenyewe viumiliki na kuulinda, watu wale wale waliokuwa wanaukata wakaanza kuulinda, kwa walinzi wao na sheria zao ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zikafungua mlango huo kwa nchi nzima. Kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi, kikundi kinaweza, mtu mwenye eneo lake anaweza. Kwa hiyo sheria haikosekani. Kinachokosekana ni watu wanaouona msitu kuwa wao, na mtu hauoni kuwa wake kitu ambacho hajawahi kukaa nacho.

Mzee akasikiliza, akasema atafikiri. Alipoona wote tumenyamaza, mpwa wangu wa kike akauliza kitu ambacho hakikuwa kwenye ajenda: "Babu, tutarudi lini?"

Baada ya siku tatu mama akapiga simu. Mzee amekataa.

Uamuzi huo ulikuwa na bei yake na sisi ndio tuliolipa. Tulichanga laki tisa za matibabu ya macho na nauli. Sehemu yangu ilikuwa laki nne, na kwa mshahara wa mwandishi kijana hiyo ni miezi ya kula maharage. Jicho moja limefanyiwa upasuaji, la pili linangoja. Kaka hajanunua karasha, na kila tukikutana ananikumbusha kwamba msitu wangu umekula karasha lake. Ana haki ya kusema hivyo. Wanaotaka misitu ibaki lazima wakubali kuulizwa nani analipa, na wasikimbie swali.

Lakini kuna mambo mawili yamebadilika. Kaka, yule yule aliyetaka kuuza, ndiye anayekwenda kulala kibandani kila Ijumaa na rafiki zake wawili wenye maeneo jirani. Anasema anakwenda kwa sababu ya ule mninga, hataki kuonekana mjinga mara ya pili. Na wakati wa sikukuu watoto wake na wapwa zangu wanakwenda wote. Mama ameagiza turubai, anasema paa la mzee linavuja.

Sasa hoja yangu ni hii. Tumezoea kuwaingiza Watanzania msituni kwa njia mbili tu: kama vibarua au kama watuhumiwa. Ukimkuta Mtanzania msituni ana shoka, au ana pingu. Hatujui kumwingiza kama mgeni aliyekuja na watoto wake kulala. Zipo sehemu chache. Amani kule Muheza, ambayo mwaka 1997 ilikuwa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini, ina nyumba za kulala wageni katikati ya msitu. Huku kwetu tuna Mlima Rungwe na Ziwa Ngozi, na tuna Kitulo ambako maua huchanua wakati wa mvua. Ni wangapi kati yetu wenyeji wa Mbeya tumewapeleka watoto huko?

Sihitaji hoteli ya nyota tano Makongolosi. Naomba vitu vidogo. Kijiji chenye msitu wake kijenge kibanda kimoja cha kawaida, chenye choo safi, mafiga na maji, familia ilipe kiasi cha nauli ya Chunya, pesa ziende kwa walinzi wa msitu huo. Shule zipeleke watoto usiku mmoja kwa mwaka pamoja na wazee wanaojua majina ya miti. Sisi waandishi tuache kuandika msitu kutoka ukumbini. Na wewe ambaye baba yako au mjomba wako ana kambi ya nyuki, shamba la mbali au kibanda cha nyasi unachokionea aibu, mpigie simu kabla hajauza au hajafa. Mwambie unakuja wikiendi na watoto, na mablanketi.

Nilirudi mwezi wa kumi. Kwa wasiojua, miombo haisubiri mvua. Majani mapya hutoka kabla, mekundu, rangi ya shaba, msitu mzima unaonekana kama unawaka bila moto. Nimeishi Makongolosi utoto wangu wote na sikuwahi kuliona hilo nikiwa ndani yake. Ng'ambo ya mpaka wa kaskazini visiki vilikuwa vimeongezeka, sitaficha. Upande wetu nilihesabu, nikagusa kimoja kimoja kama mzee alivyofanya. Vilikuwa kumi na saba.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aseme, uwanja uko wazi.